Maua Mengi, Boga Hakuna

Kila asubuhi, fundi cherehani alipofungua dirisha la chumba chake cha kushonea, baba yake alikuwa ameshatangulia uani. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga na kivuli tu. Lakini pale uani hakuhitaji kushikwa mkono. Alifuata ukuta mpaka kwenye maboga yake, akapapasa majani, akang'oa magugu, akayasemesha kama wajukuu.

"Wewe leo umenenepa," alisikika akisema. "Na wewe je, umenuna?"

Fundi alicheka peke yake huku akikanyaga cherehani. Tangu mama yake afariki, maboga yale ndiyo yaliyomwamsha mzee kitandani.

Basi msimu mmoja wakaingia vidukari, wale wadudu wadogo sana wanaofyonza maji ya majani. Mzee alishika jani, vidole vikanata.

"Mwanangu, kuna kitu kinanilia shamba langu!"

Fundi hakukawia. Alinunua dawa ya wadudu, akapulizia majani na maua, juu na chini. Vidukari wakafa. Haukupita muda wakarudi, wengi kuliko mwanzo. Akapulizia tena. Wakarudi tena.

Maua yalichanua, uani kote kukawa manjano. Lakini boga hakuna. Viboga vichanga vilisinyaa, vikaoza, vikadondoka. Mzee aliviokota kimoja kimoja, akavifunga kwenye kiganja.

"Ni mkono wangu," alisema siku moja. "Umekufa. Hauotesi kitu tena."

"Usiseme hivyo, baba."

"Nasema ninachokishika."

Tangu hapo hakutoka tena. Alilala ameelekea ukutani, chai ikapoa kikombeni. Fundi naye kazi haikwenda. Alishona gauni la mteja, mkono wa kulia akautia kushoto. Akaanza kufumua huku machozi yanamlengalenga.

Jirani yao alikuwa afisa kilimo. Mtaa mzima ulimwita Bibi Shamba. Jioni ile alikuja kuchukua sketi yake, akamkuta fundi katika hali hiyo.

"Dada, kulikoni?"

Fundi akamweleza yote. Bibi Shamba akaiacha sketi mezani, akatoka uani kutazama.

"Saa hizi maua yamejifunga," alisema. "Ua la boga hufunguka asubuhi na mapema, jua likipanda linafunga mlango. Nitapita kesho kabla sijaenda kazini. Na mzee awepo."

"Hatoki, dada. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

"Mwambie nina kazi inayotaka vidole vyake."

Asubuhi mzee alitoka, shuka mabegani, uso umekunjamana. Bibi Shamba akamwamkia, akamwongoza mkono mpaka chini ya ua moja.

"Hapa unashika nini, mzee?"

"Kijiti. Chembamba tu."

"Hilo ni ua dume. Haya, na hili?"

Vidole vya mzee vikasimama. "Hili lina kiboga chini yake."

"Hilo ni ua jike. Sasa, ndani ya dume kuna unga wa manjano. Unaitwa chavua. Unga huo usipofika kwenye ua jike, kiboga hakikui. Kinaoza."

"Na nani anaupeleka? Maua hayana miguu."

"Nyuki, mzee. Wanafuata utamu ndani ya ua, unga unawaganda mwilini, wanakwenda nao ua la pili."

Fundi akatazama maua yote yale. Hakukuwa na nyuki hata mmoja.

"Ni ile dawa," alisema polepole.

"Ulitaka kumsaidia baba," Bibi Shamba alimjibu. "Lakini dawa ile haichagui. Iliua vidukari, ikaua na nyuki. Tena kuna wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni. Chakula chao ni vidukari. Nao uliwaua. Vidukari wanazaana haraka, kwa hiyo waliporudi hawakukuta wa kuwala. Hapa uani kila kiumbe anamtegemea mwenzake. Ukimwondoa mmoja, wengine wanayumba."

"Yaani tumefukuza askari, tukamwachia mwizi nyumba!" mzee alisema, akacheka kidogo. Kisha akakunjua kiganja chake. "Kwa hiyo... si mkono wangu?"

"Mkono wako ndio ninaoutaka leo. Nyuki hawapo, wewe utakuwa nyuki."

Bibi Shamba akachuma ua dume, akatoa petali zake, akamshikisha mzee kijiti cha ndani chenye unga. Fundi akamshika baba yake kifundo cha mkono, akamwelekeza katikati ya ua jike.

"Taratibu, baba. Kama unamfuta mtoto uso."

"Nimelea watoto kabla yako, mama," mzee alijibu. Lakini mkono wake haukuuacha mkono wa binti yake.

Tangu siku hiyo fundi hakupulizia dawa. Vidukari aliwaosha kwa maji, jani kwa jani. Maua ya porini yaliyoota kando ya ukuta aliyaacha, nyuki wapate chakula. Akaweka beseni la maji lenye kokoto ndani, ili watue na kunywa bila kuzama. Na kila asubuhi mzee alikuwa wa kwanza kuamka.

Viboga vilivyopakwa unga havikudondoka. Vikanenepa, vikalala chini ya majani kama paka walioshiba. Wale wadudu wekundu wakaonekana tena, wakila vidukari. Nyuki nao wakarudi, mwanzo mmoja mmoja, baadaye wengi.

Asubuhi moja fundi alimletea baba yake chai uani. Akaona nyuki ametua kwenye mkono wa shati la mzee, mwili wote umejaa unga wa manjano.

"Baba, tulia! Kuna nyuki, nikuondolee."

"Mwache," mzee alinong'ona, mkono ameutuliza kabisa. "Usimsumbue. Yuko kazini."