Barua ya Papa kwa Fundi Useni

Mwaka 1953 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na asubuhi zetu pale mjini Baraka, kando ya ziwa, zilifanana. Mama Marthe alikoka moto, akachoma muhogo, akaufunga kwenye jani la mgomba. Kisha Albert na Placide, wenzake Papa wa kazi, waliita kutoka njiani: "Fabien! Jua linatoka!" Papa alitoka mbio, muhogo mkononi, huku Mama akimcheka.

Wote watatu walifyatua matofali kando ya mto Mutambala, kwa fundi Useni. Jioni walirudi miguu myekundu kwa udongo hadi magotini, Papa akiimba nyimbo za Kibembe, nami nikikimbia kumpokea jembe. Sasa nina wajukuu tisa, lakini sijasahau sauti ile.

Siku moja Papa akaniita. "Godelieve, chukua kalamu. We ndiye unajua maandiko hapa."

Babu alikuwa mgonjwa huko Kilembwe, na kazi ya barabara ilikuwa imefunguliwa karibu na kwake. Papa na wenzake waliamua kuhamia huko. Lakini mkataba wao ulisema kwamba anayeacha kazi amwarifu mwajiri majuma mawili kabla. Papa aliona haya kumwambia fundi Useni uso kwa uso, maana ndiye aliyemfundisha kazi. Tena siku hizo fundi alikuwa Lweba mara nyingi, akijenga zahanati. Basi nikaandika kwamba wanaomba kuondoka, wakatia dole gumba wote watatu.

"Mupelekee Mama Kulthumu, mke wake," Papa alisema. "Umutie mukononi."

Nilitoka na nia njema kabisa. Lakini ufukweni mtumbwi wa Ubwari ulikuwa unatia nanga, umejaa dagaa, na bamama walikuwa wanasukumana na vikapu vyao. Nikaingia majini pamoja na watoto wengine kuokota samaki walioanguka. Nilipokumbuka barua niliyoichomeka kiunoni, ilikuwa imeloa chapa, wino wote umetawanyika. Nikaogopa. Nikaichana vipande vipande, nikaviacha maji yavichukue.

"Umemupa?" Papa aliniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Alisema nini?"

"Alisema ni vizuri."

Uongo wa kwanza ulitoka kwa shida. Wa pili ulitoka wenyewe.

Katika majuma yale mawili fundi Useni alipita kazini mara moja tu. Hakutaja barua. Papa akadhani amekasirika, naye akanyamaza. Siku ilipotimia, watatu hao wakapanda lori la Kilembwe. Waliacha matofali mabichi elfu tano kwenye tanuri, yakingoja kuchomwa.

Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha mchana kutwa. Fundi Useni aliporudi kutoka Lweba alikuta tope tu. Akaenda moja kwa moja barazani kuwashtaki wafanyakazi waliomtoroka bila taarifa. Alidai mambo mawili: wamfyatulie matofali mengine bila malipo, na wafungwe miezi miwili, kwa kuwa siku hizo aliyetoroka mkataba aliweza kutiwa gerezani. Askari akatumwa Kilembwe kuwarudisha.

Siku ya kesi mimi na Mama tulikaa nyuma, karibu na ukuta. Mwamuzi, Mzee Henri, alimwuliza Papa kwa nini alitoroka.

"Sikutoroka, Mzee. Tulituma barua. Mutoto wangu aliipeleka."

"Haikufika!" fundi Useni alisimama. "Fabien, miaka sita tumekula pamoja. Leo unaniita mimi na mke wangu waongo mbele za watu?"

"Na mimi mutoto wangu hasemi uongo," Papa alijibu. "Weka hilo kwenye karatasi, karani."

Nilimtazama Papa, kofia yake ameikunja mkononi, ananitetea. Machozi yakanitoka. Mama alinishika mkono kunituliza, lakini nikajinasua, nikapita kati ya watu hadi mbele.

"Barua haikufika," nilisema. "Iliingia maji, nikaichana. Papa hakujua. Nilimudanganya."

Papa hakunipigia kelele. Alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka. Afadhali angenipiga.

Mzee Henri akasema: "Taarifa isiyofika si taarifa. Useni amepata hasara, na dai lake la matofali ni la haki. Ninyi wazima watatu mlipaswa kuhakikisha. Mtu uliyekula naye miaka sita humuagi kwa mkono wa mtoto. Lakini aliyeandikisha barua hakukusudia kutoroka. Hilo la gereza, Useni, unasemaje?"

Fundi Useni alinitazama, kisha akamtazama Papa. "Nimelifuta. Na mimi niliona wamenuna siku ile nilipopita kazini, nikaondoka bila kuuliza kuna nini."

Basi walibaki Baraka majuma matano, wakifyatua matofali upya. Kila nilipotoka masomo nilienda kuwachotea maji mtoni. Siku za kwanza Papa alipokea ndoo bila neno. Siku ya nne, tulipokuwa tumekaa kupumzika, nilimwuliza kama bado ana hasira.

"Barua kuloa si kosa kubwa," alisema. "Ungerudi siku ile ukaniambia, tungeandika nyingine kabla jua kuzama. Ukweli ukiusema mapema unagharimu aibu ya dakika moja. Ukichelewa, unagharimu matofali elfu tano, na nusura ugharimu urafiki wa watu wawili. Na mimi nimejifunza langu: neno zito mtu hulipeleka mwenyewe, kwa miguu yake."

Tofali la mwisho lilipochomwa, Papa alifua shati lake, akanishika mkono, tukaenda kwa fundi Useni. Mama Kulthumu alitupa chai na maandazi ya moto. Papa akavua kofia, akasema: "Fundi, kesho naondoka kwenda Kilembwe. Nimekuja kuaga."

Fundi Useni akasimama, akampa mkono, akacheka. "Sasa nimesikia, Fabien. Nenda salama, na umsalimie mzee wako."