Menyu Iliyoshibisha Ulimi

Mihayo alisoma mstari mmoja wa menyu, akafumba macho, na koo lake likacheza kama la mtu anayemeza mnofu. Mbele yake hapakuwa na sahani. Nyuma ya sikio alikuwa amebandika kionjeshi, kidude chembamba kama ganda la kitunguu. Kila jicho lilipopita juu ya maneno, kionjeshi kiliyageuza kuwa ladha ulimini. Ukisoma "kuku wa mkaa, ngozi inapasuka kwa ndimu na pilipili," ulimi ulimpata kuku, ukapata ndimu, ukawashwa na pilipili.

Kionjeshi hakikuwa na ladha yake chenyewe. Kilimtaka mtu ajuaye kukisema chakula, na katika mgahawa huu wa ghorofani, Morogoro, mtu huyo alikuwa Mkude, mwandishi wa menyu. Zamani alikaanga chipsi stendi. Bi Tekla, mwenye mgahawa, alimchukua siku alipomsikia akiwaita abiria waje kula, nao wakashuka garini.

"Mluguru, leo umeniua!" Mihayo alimwita.

"Ufe tu, Mnyamwezi. Nina hamu na ubwabwa wa matanga yako."

"Utauandika tu, kuupika umesahau!"

Wateja walicheka. Mkude naye alicheka, lakini macho yake yalishuka kwenye mkanda wa mtani wake. Ncha yake ilikuwa imezunguka hadi karibu na mgongo.

Ubongo ulipopata ladha, uliamini tumbo limejaa. Wateja wengi walisoma kidogo, kisha wakaletewa chakula. Wengine walisoma tu, wakaondoka wakipangusa midomo mikavu. Mwezi uliopita Mihayo alimwambia Mkude, "Mtani, chakula cha kweli hakinipiti kooni tena." Mkude akamjibu kwamba hakipiti kwa sababu Wanyamwezi hawajazoea chakula cha binadamu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kwa watani, kifo ni salamu. Nani angejua kwamba safari hii mtu anaomba msaada?

Mihayo akainuka kwenda zake. Miguu ikamkatalia, akaanguka kati ya meza.

Walimlaza kwenye benchi la jikoni. Mkude alimfuata Bi Tekla mlangoni.

"Mama, kuna watu hapa hawali."

"Wanarudi?"

"Wanarudi, lakini wanakon—"

"Basi wamependa. Kesho niandikie samaki mwingine. Huyu wamemzoea."

Akaondoka. Mkude aliwasikia wale wa ukumbini wakimeza hewa. Aliwajua kwa sura. Hakumkumbuka hata mmoja wao akiwa na sahani.

Alirudi jikoni, akasonga ugali laini, akapika mlenda. Akambandua Mihayo kionjeshi, akakitupa motoni.

"Kula."

Mihayo alionja, akageuza uso. "Matope, mtani."

"Kula hivyo hivyo."

"Basi nisemee wewe. Sema huu ugali ulivyo, kwa mdomo tu. Nitameza."

Maneno yalikuja bila kuitwa: moshi wa kuni, magadi kidogo, nyanya iliyopasukia chunguni. Yalijipanga ulimini mwa Mkude, matamu, tayari. Akayauma. Akiyatoa, mtu huyu atakula maneno na kuuacha ugali.

"Sina neno," alisema.

"Wewe? Utaniua kweli, Mluguru."

Mkude hakucheka. Alimega tonge dogo, akalichovya, akamtia mdomoni, kisha akamshika taya kama mtoto mgonjwa.

"Mihayo," alisema. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina. "Tafuna, ndugu yangu. Nakuomba."

Mihayo alimtazama, na utani ukamtoka usoni. Taya likasogea mara moja, likasita, likasogea tena. Mkude aliinama, akakodoa macho kwenye lile koo, akingoja limeze.