Kaske ya Uwingabire

Vikanyagio vya abiria vilikuwa vimefunguka tena. Kayitare alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akaitazama pikipiki pale uani. Jana alivikunja mwenyewe, vyote viwili, akavipiga teke kuhakikisha. Leo vilikuwa wazi, tayari kukanyagwa, na kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea kana kwamba mtu ameshuka sasa hivi.

"We Denyse, ulipanda pikipiki?"

"Mi? Nipande niende wapi na we bado unalala?" Mkewe alicheka huko jikoni. "Kuja uone njia yetu."

Denyse alikuwa muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni, mtu wa ziwani haswa, na safari hii alikuwa ameiota tangu waoane. Watoke Gisenyi, waifuate barabara ya ziwa, walale Karongi, kisha wazikate zile kona za Nyamasheke katikati ya mashamba ya chai mpaka Kamembe. Wao wawili tu na pikipiki yao. Tangu wajuane waliongea Kiswahili, maana Kayitare alikulia Karagwe, Tanzania, na Kinyarwanda chake kilimchekesha Denyse mpaka machozi.

"Hapa tunasimama, tunapiga foto," alisema, kidole kikitembea juu ya ramani kwenye simu. "Hapa tunakula samaki. Bon, huku sijue, iko kona mingi sana." Kidole kikasimama. "Uwingabire angekuwa muzima, angelia tumubebe na yeye."

Chai ilimpalia Kayitare, akakohoa mpaka macho yakamtoka.

Uwingabire alikuwa mdogo wake Denyse. Mwaka jana, Kayitare akiwa bado anabeba abiria, alimchukua shemejiye huyo kutoka Nyundo kumleta harusini mjini, nywele zimesukwa upya, zinanukia mafuta ya nazi. Msichana hakufika. Siku ya kumaliza kilio, desturi ni kwamba aliyekuwa na marehemu husimama mbele ya watu aeleze kifo kilivyokuja. Kayitare alisimama. Alisema Uwingabire alivua kaske, yaani ile kofia ngumu ya pikipiki, ili asiharibu nywele zake. Watu wakaguna. Mama mkwe akatamka mbele ya wote kwamba mwanawe ameuawa na urembo, na tangu siku hiyo hataki hata picha yake ukutani.

Uongo! Uongo mtupu wa mwanaume mwoga. Kifungo cha kaske ile kilikuwa kimevunjika zamani, na Kayitare alikuwa amekifunga na kipande cha mpira wa tairi, ili polisi akitazama aone abiria kafungwa vizuri. Msichana wa watu alimwambia, "Shemeji, hii kaske inacheza." Naye akamjibu, "Ishike na mkono, tunafika." Kwenye kona mbuzi akakatiza barabara, breki zikashikwa, kaske ikaruka, na Uwingabire akafuata. Kabla watu hawajakusanyika, Kayitare alikuwa ameshaukata ule mpira na kuutupa kwenye migomba. Hata kumfumba macho hakukumbuka, alikumbuka mpira.

Kadiri safari ilivyokaribia, mambo yalizidi. Denyse alinunua kaske mbili mpya, nyekundu, akazitundika sebuleni. Ile ya abiria ikawa kila wakipita inakutwa imefunguliwa kamba, inabembea, na madirisha yamefungwa. Harufu ya mafuta ya nazi ikaingia uani, halafu sebuleni, halafu kwenye shati la Kayitare. Denyse hakuwa amepaka mafuta hayo tangu msiba. Na siku moja mchana kweupe, Kayitare akiiosha pikipiki, maji yakichuruzika na redio ya jirani ikiimba, alisikia nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, pumzi ya mtu, kisha sauti ndogo yenye adabu, sauti ya mtu anayeogopa kusumbua, ikisema, "Inacheza," na alipogeuka hakukuta kitu ila kiti cha nyuma kikibonyea polepole, polepole, mpaka tairi nalo likalegea.

Jioni hiyo, Mkatoliki mzima na rozari shingoni, alinyata mpaka mtaa wa Majengo kwa Shehe Mudathiru, muuza magodoro aliyesifika kwa kutoa majini. Shehe alimkalisha, akaanza kusoma. Katikati akaacha, akanusa hewa.

"Bwana, jini ningemfukuza leo hii," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu si jini. Huyu ni mtu, na ana haki yake kwako. Ulisema nini juu yake?"

"Sikusema kitu, Shehe."

Shehe alimtazama sana, akafunga kitabu. "Basi endelea kumbeba."

Kayitare alirudi nyumbani. Kusema kulikuwa maneno machache tu, lakini akisema, Denyse angeondoka. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Mara ngapi alifungua kinywa, akaishia kuomba chumvi! Mwishowe akaapa kwamba atasema njiani, kabla ya Karongi, liwalo na liwe.

Siku ikafika, jua zuri, ziwa limetulia. Walipotoka nje ya mji wakasimama kujaza mafuta, na Denyse akaingia dukani kununua maji. Kayitare alibaki juu ya pikipiki, kaske kichwani, injini inanguruma, midomo ikirudiarudia maneno. Akahisi pikipiki ikishuka nyuma, mikono ikimzunguka kiunoni, bega likigongwa mara mbili. Akaondoka bila kugeuka, maana angemwona usoni asingeweza kusema.

Barabara ikapanda, ziwa likabaki chini mkono wa kulia. Akaanza. Alisema yote, upepo ukimpiga, sauti ikikatika, alisema kifungo na mpira na mbuzi, alisema alivyoambiwa inacheza na alivyojibu, alisema alivyosimama kwenye kilio akampakazia maiti asiyeweza kujitetea, na kadiri alivyosema ile mikono ilizidi kumbana, kichwa kikaja kikalala mgongoni kwake, naye akalia kwa sauti kama mtoto, akiwa mwepesi kuliko alivyowahi kuwa mwaka mzima, akiomba, "Nisamehe, Denyse, nisamehe tu," mpaka simu ilipotetemeka mfukoni.

Alisimamisha pikipiki kwenye kona, akavua kaske, akapokea huku akifuta machozi.

"Kayitare! We uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Denyse, kali. "Umeniacha huku kwa mafuta, watu wote wananicheka! Donc unaenda Karongi peke yako?"

Ile mikono ilikuwa bado kiunoni mwake, na harufu ya mafuta ya nazi ilimjaa puani.

"Mi nilikuwa najua yote hiyo, shemeji," ikasema sauti ndogo mgongoni kwake, bila hasira yoyote. "Ambia dada."

Kwenye simu Denyse akauliza polepole, kwa sauti ambayo Kayitare hakuwahi kuisikia kwake:

"Kayitare, ni nani huyo iko anakuita shemeji?"