Ufizi Mweusi wa Lynnet na Doa la Motari

Bitutu alikuwa akipanga ndizi zake katika soko la Oyugis. Binti yake, Lynnet, akaja akilia, kitambaa mdomoni. Alipokitoa, Bitutu alishtuka. Ufizi wote wa mbele ulikuwa umebabuka.

"Umefanya nini?"

"Nilipaka dawa, Mama. Gisiri alisema ufizi mweusi ni ugonjwa."

Gisiri aliuza dawa zake upande wa pili wa soko, kipaza sauti mkononi. Bitutu aliziacha ndizi, akamwendea.

"Umemchoma mtoto wangu!"

"Tulia, mama. Dawa kali ndiyo inaponya."

"Basi jipake wewe, tuone!"

Watu wakajaa. Gisiri akaanza kufunga mizigo haraka. Bitutu akampokonya chupa moja, akamshika Lynnet mkono, wakaenda hospitalini.

Afisa wa meno aliitwa Bathsheba. Alimsafisha Lynnet mdomo polepole, akampa dawa ya maumivu. Ile chupa akasema ataipeleka kwa maafisa wa afya ya umma.

"Weusi huu ulianza lini?" akauliza.

"Tangu utotoni," Bitutu akajibu kwa ukali. "Hata mimi ninao."

"Na mimi pia." Bathsheba akainua mdomo wake wa juu, akawaonyesha. "Hii ni rangi tu, kama ya ngozi. Iko pande zote mbili, haibadiliki, haivimbi, haitoi damu. Haina haja ya dawa."

"Sasa ugonjwa unakuwaje?"

"Doa moja ambalo zamani halikuwepo. Doa linalokua, linalobadilika rangi, lenye kingo zisizo sawa, linalovimba au kutoa damu. Au kidonda kinachopita wiki mbili bila kupona. Madoa mengine huletwa na sigara, au dawa, au madini ya kuzibia jino. Lakini kwa macho tu huwezi kujua. Hata kama haliumi, njoo upimwe."

Bitutu akawaza nyumbani. Mume wake, Motari, alikuwa na doa kwenye ufizi, juu ya meno ya mbele. Alipomuuliza siku za nyuma, Motari alisema si kitu.

Jioni alimkuta mezani.

"Fungua mdomo."

"Niache nile, Bitutu."

"Fungua!"

Doa lilikuwa limekua.

"Linatoa damu?"

"Nikipiga mswaki tu. Haliumi."

"Lilianza lini?"

Motari akatazama sahani. "Tulipokuwa tunapanda mahindi."

"Na sasa tumeshavuna, Motari! Tumeshavuna!"

Usingizi haukumjia Bitutu kwa hasira. Asubuhi alimtangulia mlangoni, na Motari akamfuata.

Bathsheba alilitazama doa, akawaandikia waende hospitali kubwa. Huko madaktari walikata kipande kidogo cha doa, kikapimwa. Ilikuwa saratani, lakini haijasambaa. Motari akafanyiwa upasuaji. Alipoteza meno kadhaa. Daktari akamwambia, "Ungechelewa zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Gisiri alikatazwa kuuza dawa sokoni. Ufizi wa Lynnet ulipona, ukarudia weusi wake, na hakuupaka kitu tena.

Siku moja Motari alikuwa akinywa uji taratibu. Daktari alikuwa amempima tena asione dalili yoyote.

"Nilikuficha kwamba linatoa damu kwa sababu nilijua utanigombeza," akasema.

"Na nitakugombeza," Bitutu akajibu, macho yamejaa machozi. "Nitakugombeza mpaka uzeeke. Kunywa uji."