Folda ya Mhandisi

Walikutana kwenye foleni ya fotokopi, duka limejaa hadi mlangoni. Yeye, mwalimu wa hesabu, gauni la njano na mitihani kifuani. Jamaa, fundi wa kompyuta, bisibisi mfukoni mwa shati.

"Kaka, foleni inaanzia nyuma, siyo begani kwangu."

"Samahani dada, bega lenyewe ndilo limenivuta."

Watu wakacheka. Mwalimu alijikaza, akashindwa.

Miezi minane baadaye fundi alikuwa mtu wa nyumbani. Kila Jumapili alimsukuma mama wa mwalimu kwenye kiti chake cha magurudumu, wakaote jua. Ndipo mwalimu akamletea laptopu yake.

"Imekuwa nzito kama mimi Jumatatu asubuhi. Niwekee mfumo mpya. Ila nakili kila kitu kwanza, mpenzi. Kila kitu."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakukumbusha. Una haraka wewe."

Dukani kwake fundi akachomeka diski, akaanza kutia tiki folda moja moja. Mitihani. Ratiba. Vyeti. Kisha: Mhandisi.

Mhandisi ndiye aliyemvisha mwalimu pete, halafu akamwacha kwenye mataa. Fundi alishasimuliwa yote, akajifanya hayamgusi. Akafungua picha ya kwanza: suti ya kijivu, meno nje, mkono kiunoni mwa mwalimu. Akaifunga upesi.

"Kumbe bado anamfuga humu."

Akaitoa ile tiki, moja tu, akabonyeza kuendelea.

Saa kumi mwalimu akapiga simu.

"Fundi wangu, mgonjwa anaendeleaje?"

"Mwepesi sasa. Ametua mizigo ya zamani."

"Mbona sauti yako imekunja uso?"

"Ulisema kila kitu. Hata mhandisi?"

"Umeinakili ile folda?"

"Sijainakili. Na mfumo mpya umeshaingia."

"Mama yangu yumo mle," mwalimu alisema, sauti ikimkatika. "Siku ya pete alicheza mpaka akavua viatu. Mwezi uliofuata akapooza. Hizo ndizo picha za mwisho amesimama kwa miguu yake. Wewe umeona mkono wa mwanamume, basi!"

Simu ikakatwa. Fundi akapiga tena, haikupokelewa.

Akakaa. Kisha akakumbuka: mfumo mpya huyasukumia mafaili ya zamani kwenye kona, huyaweka siku chache kabla ya kuyafuta. Akaipekua kona hiyo huku akiomba Mungu. Folda ilikuwepo. Akainakili, na kwa kuwa nakala isiyofunguliwa haiaminiki, akaanza kufungua picha moja moja. Mia mbili na kumi na nne. Suti ya kijivu, suti ya kijivu, tena suti ya kijivu. Ya arobaini na tatu ikamsimamisha: mwanamke mrefu, miguu mitupu, mikono juu, kicheko kimemjaa usoni. Alimsukuma mama huyu kila wiki, wala hakuwahi kuujua urefu wake.

Akaenda kwa kina mwalimu, laptopu kwapani. Mwalimu akaziba mlango, kanga kiunoni, macho mekundu.

"Zipo?"

"Zote. Nimefungua kila moja."

"Kwa hiyo mhandisi umemtazama mpaka basi."

"Mpaka nimemhurumia. Hajui kucheza yule."

Kicheko kikamponyoka mwalimu; akakirudisha haraka. "Na kama zingepotea?"

"Nisingekuwa na la kusema. Nilikosa, mwalimu. Niliona wivu."

"Ukiona wivu niulize mimi, usimalizie hasira kwenye mashine."

"Huyo si fundi?" mama akaita kutoka ndani. "Mwache aingie, Jumapili utanisukuma wewe?"

Wakamwekea laptopu mapajani. Mama akajitazama, kidole juu ya kioo.

"Mama," fundi akasema polepole, "kumbe unanizidi urefu."

"Nakuzidi na kucheza. Zenu za pete mtapiga lini?"

"Mama! Hata hajaniomba," mwalimu akasema.

Fundi akapapasa mfuko wa shati, akakuta bisibisi tu. "Basi nakuomba. Unioe— nikuoe."

Mama akacheka hadi kiti kikatikisika. Mwalimu akamsogezea fundi diski nyingine.

"Tengeneza nakala ya pili kwanza. Ikifika mwisho, uniulize tena."

Nakala ilipofika nusu, fundi alikuwa ameshauliza mara tatu. Ya tatu ilijibiwa ndiyo.