Soli za Dishon

Jumamosi ile kando ya Jogoo Road, upande wa Mbotela, palikuwa hapapitiki. Mwisho wa mwezi, jua limetoka baada ya wiki nzima ya manyunyu, na kila mtu yuko nje. Beldina alikuwa ametandaza viatu vya mitumba juu ya turubai lake, amevaa dera la njano na aproni yenye mfuko mkubwa mbele, sauti yake ikipita honi zote za barabarani.

"Viatu vya mlima! Kamera tupu, daraja la kwanza! Vya kwanza kutoka kwa beli!"

Kijana mrefu mwenye kofia ya kijani akainama, akaokota jozi ya mabuti ya kahawia, namba arobaini na tatu.

"Sasa, madam. Hivi vinaweza kunifikisha Nyandarua?"

"Vitakufikisha mbinguni, ukifa vizuri."

Kijana akacheka mpaka mwuza beseni wa jirani akageuka. Kisha akakipindua kiatu, akaikuna soli kwa ukucha. "Na soli? Ni yake au imebandikwa?"

Hapo sasa. Beldina aliijua soli ile vizuri sana. Siku mbili kabla ilikuwa imeachana na kiatu kabisa, na Dishon, fundi wa viatu aliyekaa hatua tano kutoka pale, ndiye aliyeisugua kwa petroli, akaipaka gundi na kuilaza chini ya matofali hadi kesho yake. Wauzaji wote wa pale hufanya hivyo. Mabuti yaliyokaa miaka ghalani huko ng'ambo hufika yakiwa safi juu lakini soli zimechoka. Dishon huzirudisha, na kwa mtu wa kutembea lami zinadumu mwaka na zaidi. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Naye Beldina mlima aliujua kwa picha tu.

"Ni yake," akasema, akimtazama usoni. "Haijaguswa."

Kwa hiyo uongo ulitangulia mapenzi. Shika hilo, ndugu msomaji, usije ukamhukumu Beldina kwa kosa lisilo lake, wala usimsamehe haraka kwa lile lililo lake.

Kijana aliyanunua mabuti; aliitwa Naftaly. Alikuwa fundi wa stima, mkaazi wa Komarock, na kila Jumamosi ya pili aliongoza kikundi cha watu wa mitaa ya karibu kupanda milima. Juma lililofuata alirudi, hakununua kitu. La pili alirudi na mahindi choma mawili. La tatu akaomba namba ya simu, na kuanzia hapo simu ya Beldina haikupumzika.

"Umekula?"

"Kwani wewe ni mama yangu?"

"Basi nikuwe nani?"

"Kuwa mteja kwanza. Wewe huja hapa kunizibia njia tu."

"Si uniambie niende?"

Beldina akajikuta anatabasamu peke yake katikati ya watu. "Sijasema uende, Naftaly. Umesikia mimi nikisema uende?"

Alimpenda, jamani. Alipenda anavyocheka kwa mwili mzima na anavyosikiliza bila kukatiza. Naftaly alimpeleka kwenye kimsitu cha karibu na mji, Beldina kwa suruali ya kuazima, akinung'unika kila hatua, naye akimwonyesha miti kwa majina. Huko ndiko alikomshika mkono mara ya kwanza, na hakuna aliyenung'unika tena.

Lakini kila walipotoka, Naftaly alivaa yale mabuti. Aliyapiga brashi mpaka yakang'aa. Kibaya zaidi, aliyasifu.

"Mnaona hivi?" alikuwa akiwaambia wenzake, akiinua mguu. "Nendeni Mbotela, muulize Beldina. Yule mwanamke hadanganyi mtu."

Wakaenda. Watano katika kikundi wakanunua kwake, kwa neno la Naftaly. Mara ngapi Beldina alifungua mdomo amwambie? Mara nyingi. Kila alipoanza, "Naftaly, kuna kitu," naye alimgeukia na yale macho, na kitu kikageuka kuwa chumvi ya mahindi au hali ya hewa. Alikuwa anaogopa kumpoteza, basi. Hakuna sababu nyingine ya kutafuta.

Mwezi wa sita wakapanga safari ya milima ya Nyandarua.

"Utaipenda," Naftaly alimwambia kwa simu. "Unaanza na msitu mkubwa, giza na ndege. Halafu mianzi. Ukitoka kwa mianzi, miti inaisha ghafla, ni uwanda wa vichaka vya baridi hadi macho yachoke. Na mbele kabisa, kinamasi."

"Kinamasi? Maji?"

"Maji ya kifundo cha mguu, mpenzi. Unaruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine. Masaa matatu hivi."

Alipokata simu, Beldina alimwendea Dishon moja kwa moja.

"Gundi yako inaweza maji?"

"Ya mvua, ndiyo."

"Ya kushinda ndani?"

Dishon akaweka nyundo chini. "Dada, mimi hushona viatu. Mashua sijui."

Basi siku ya safari, alfajiri pale Komarock, Beldina akamvuta Naftaly kando akampa mfuko. Ndani mlikuwa na mabuti mapya ya dukani, namba arobaini na tatu.

"Zawadi. Vaa haya leo."

Naftaly akambusu kwenye paji la uso. "Aki wewe! Lakini kiatu kipya hakipandi mlima, Belda. Ningerudi na malengelenge tupu. Kwanza nitayavaa nyumbani mwezi mmoja." Akauacha mfuko kwa mlinzi wa geti, akapanda basi akiimba.

Ilikuwa sentensi moja tu iliyobaki kusemwa. Beldina akaimeza.

Msitu ulikuwa kama alivyoambiwa, umeloa na unanuka udongo. Mianzi ikafuata, ikigongana juu ya vichwa vyao. Kisha wakatokea uwandani, upepo ukawapiga kifuani, na mbele yao ni vichaka vya kijivu na ukungu unaotambaa chini. Wote kumi na wawili wakapiga kelele za furaha. Beldina hakuona uzuri wowote. Alikuwa akitazama visigino vya Naftaly.

Saa ya pili ndani ya kinamasi, Naftaly akiwa mbele, aliruka na soli ya kulia ikabaki nyuma. Mguu ukateleza kati ya vichuguu viwili, na wote wakasikia mfupa ukikatika. Waringa, aliyekuwa muuguzi, akamfikia wa kwanza na kuukata mguu wa suruali.

"Umevunjika. Asikanyage."

Naftaly alikuwa amekunja uso kwa maumivu, lakini hata hapo akajaribu kutania. "Belda, usijali. Hata vya kamera huchoka. Si makosa yako."

Wakati huo Beldina akamwona Kate, binti mwembamba wa Umoja, akijiandaa kuruka kutoka kichuguu hadi kingine aje kusaidia. Alikuwa na mabuti ya zambarau. Beldina aliyakumbuka chini ya matofali ya Dishon.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na Naftaly alikuwa amekwisha kumwondolea lawama mbele ya watu wote.

"Kate, simama!" Sauti ilimtoka kama ya sokoni. "Usiruke! Soli zako zimebandikwa. Zako pia, Simiyu. Na hizo za Naftaly. Nilijua. Nilizipeleka mwenyewe kwa fundi, na nikamwambia Naftaly hazijaguswa."

Watu wote wakatazama miguu yao. Kisha wakamtazama yeye. Naftaly peke yake ndiye hakumtazama. Alifumba macho, akageuza uso upande wa nyasi.

Walivifunga viatu vya Kate na Simiyu kwa kamba za mizigo, wakatengeneza machela kwa fito na makoti, wakarudi polepole. Kwa saa sita, hakuna aliyemsemesha Beldina ila Waringa, aliyemwambia, "Shika upande huo." Alishika mpaka viganja vikachubuka. Naftaly aliguna kila walipoyumba, na hakuwahi kulitaja jina lake.

Wiki tatu simu haikupokelewa. Beldina aliwaita wateja wote watano, hata wale ambao hawakuwa safarini, akawabadilishia viatu. Kwenye turubai akaanza kutenga jozi zilizobandikwa na kumwambia kila mteja, naye mwuza beseni akamcheka kwamba amelogwa. Pesa zilipungua. Usingizi pia.

Jumapili ya nne akajifunga kitenge, akaenda Komarock bila kualikwa. Mama yake Naftaly alifungua mlango, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Yuko ndani." Akaenda jikoni, hakurudi.

Naftaly alikuwa amelala kwenye kochi, plasta mpaka gotini. Amekonda. Beldina akasimama katikati ya sebule, hajui mikono aiweke wapi.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Ya gundi nimesamehe," Naftaly akasema. "Siku ile hukunijua. Ungenipigia hata wiki moja baadaye, ningecheka, si unanijua? Lakini pale getini, Belda. Ulinipa viatu vipya. Ulijua naenda kuvunjika, ukaniacha niimbe."

"Niliogopa."

"Mimi hupeleka watu mahali hakuna barabara. Nikiuliza kama hapa panakanyagika nikajibiwa ndiyo, naweka uzito wangu wote." Akaigonga plasta kwa kidole. "Nakupenda. Hiyo haijatoka, na nimejaribu. Niambie tu, kuna kingine?"

Beldina alijua jibu alilotaka Naftaly. Hapana, Naftaly. Ni hilo tu. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, jepesi.

"Kuna," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ulipokataa vile viatu, nilifurahi. Niliona nimejaribu, sasa si lazima nikwambie. Nilipanda lile basi nikiwa na furaha."

Jikoni maji yalikuwa yakichemka na hakuna aliyeyaepua. Naftaly alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Nyandarua, akamtazama kwa muda mrefu, na uso wake haukulainika.

"Hilo limeniuma kuliko mguu," akasema.

"Najua."

Beldina akageukia mlango. Nyuma yake akamsikia akisaga meno, akiuvuta ule mguu mzito kwa mikono miwili, mpaka ikapatikana nafasi ndogo mwishoni mwa kochi.

"Kaa," Naftaly akasema. "Lakini usinishike bado."

Beldina akakaa.