Kioo cha Kamera ya Plazma

Kioo kilikuwa kimeibwa. Si simu, si kompyuta, wala nyaya za shaba ambazo wezi wenye akili timamu huziiba. Kioo kimoja cha chuma, kidogo kuliko kisahani cha kikombe.

"Na bila hicho?" Inspekta aliuliza.

"Mtambo wetu wa nishati hauwaki!" Mkurugenzi wa maabara alifoka. "Ndani mna plazma, moto mkali kuliko jua. Kamera ikikaa karibu inakufa, ndiyo maana tumeificha nyuma ya ukuta wa zege. Kioo ndicho kinachoipelekea picha kupitia bomba hili. Kamera isipoona, mtambo unagoma wenyewe. Na wageni wanakuja keshokutwa kuuona ukiwaka!"

"Cha akiba hamna?"

"Kukisugua kingine ni mwaka mzima. Nitafutie kioo changu, afande."

Inspekta aliinama penye mdomo wa bomba. Hakukuwa na alama za vidole; humo kila mtu huvaa glavu. Lakini mdomo ulikuwa umefunikwa kwa nailoni safi, iliyobanwa vizuri kwa selotepu.

"Nani amefunika hapa?"

"Tumekuta hivyo hivyo," alijibu fundi wa zamu. "Ni kuzuia vumbi. Likiingia humo, kulisafisha ni kazi ya miezi."

Inspekta alicheka. Mwizi gani huyu, anaiba kisha anafunga dirisha mvua isiloweshe makochi? Mtu wa nje hana huruma hiyo.

"Bomba hili alilibuni nani?"

Akaitwa mhandisi wa kamera, mama wa makamo, miwani ikimning'inia shingoni. Alikuja kidevu juu.

"Bomba umelifunika wewe?"

"Mimi."

"Na kioo?"

"Nimekichukua mimi. Na sikirudishi."

"Mwizi mkubwa wewe!" Mkurugenzi aliruka.

"Mkubwa haswa. Mwambie afande kamera iliona nini wiki iliyopita. Husemi? Basi nasema mimi. Kwenye ukuta wa ndani kuna doa linaloiva jekundu kila tukiwasha. Nyuma ya doa linapita bomba la maji. Likipasuka, mvuke utamuunguza anayesimama kwenye vali ya maji. Na anayesimama pale ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimesema hadi nimekauka koo. Huyu bwana akaniambia niipunguze picha mwanga, wageni wasilione doa!"

"Ilikuwa kwa siku moja tu..."

"Jicho nimelitengeneza mimi. Silifundishi uongo. Nifungeni!"

"Kiko wapi?" Inspekta aliuliza taratibu.

Alikitoa mkobani, kimeviringishwa kwa kitambaa safi. Mkurugenzi akanyoosha mkono. Inspekta alimwahi, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo na kuufunga kwa lakiri.

"Hicho ni changu!"

"Sasa ni kielelezo. Kitakaa kituoni hadi kesi iishe. Na picha za doa nazitaka pia." Akamgeukia mhandisi. "Mama, nakukamata. Wizi ni wizi."

"Kesi yenyewe itachukua muda gani?"

"Mahakama unazijua, mama."

Mhandisi alicheka kwa sauti, akamtazama Mkurugenzi usoni, akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi twende, afande. Na mdogo wangu mwambieni keshokutwa alale tu."